Haki za Mazingira Asilia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lindi na Mtwara

Maswali haya nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine katika mikutano ya vijiji, madarasani na vibarazani, tangu nilipoanza kuzungumza na watu wa pwani ya kusini kuhusu kuipa mito, misitu na bahari haki zake kisheria. Nimeyaacha karibu na namna yalivyoulizwa. Asiye na muda mrefu aanze na swali la 3 na la 8, kwa kuwa majibu mengi yanarudi hapo.

## Misingi

1. Haki za mazingira asilia ni nini?

Ni wazo la kisheria linalosema kwamba mto, msitu, ghuba au jamii ya viumbe ni mwenye haki, na si mali tu ya mwenye haki. Kwa kawaida haki zenyewe ni chache: kuwapo, kuendelea na mzunguko wake wa uhai, na kurudishwa katika hali yake pale unapoharibiwa. Si haki za binadamu zilizohamishiwa kwenye miti. Kila mwenye haki hupata zile zinazolingana na maumbile yake: mto kutiririka, mwamba wa matumbawe kuzalisha, msitu kuota upya.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa silabi moja. Tunaposema haki *ya* mazingira safi, tunamaanisha haki ya mtu: mimi na wewe tupate hewa na maji yasiyodhuru. Tunaposema haki *za* mazingira, mwenye haki ni mazingira yenyewe, hata kama hakuna mtu aliyekohoa wala aliyeharibiwa wavu. Watu wengi wanaobishana kuhusu jambo hili wanabishana kwa sababu mmoja anazungumzia *ya* na mwenzake anazungumzia *za*.

2. Sheria za uhifadhi tulizonazo hazitoshi?

Zimefanya kazi kubwa, na sipendi kusikia zikidharauliwa. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994, imelinda matumbawe na mikoko ambayo pengine leo tungeyahadithia tu.

Hata hivyo, sheria za aina hiyo huuliza kwanza kama anayetumia ana kibali, na kama kiasi anachotumia kimeruhusiwa. Ghuba yenyewe haimo katika mazungumzo, inazungumziwa. Na uharibifu ukitokea, anayesikilizwa ni yule anayeweza kuonyesha kwamba mali yake au afya yake imeguswa. Pakiharibika mahali ambapo hapana shamba wala mtego wa mtu, mara nyingi hakuna mlalamikaji. Haki za mazingira zinalenga kuziba pengo hilo hasa.

3. Mto si mtu. Utakuwaje na haki?

Sheria haijawahi kusema kwamba mwenye haki lazima awe na damu. Kampuni iliyosajiliwa inamiliki nyumba, inakopa, inashtaki na kushtakiwa, na haifi wanahisa wake wakifa. Chama cha msingi cha ushirika kinachopokea korosho za mkulima wa Tandahimba ni vivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kukiona kikitembea, na bado hakuna hakimu anayeshangaa kikitajwa mahakamani. Sheria hutambua mwenye haki pale inapoona kuna kitu kinachostahili kulindwa kwa jina lake chenyewe, kisha humteua mtu wa kukisemea.

Lakini pwani tuna mfano ulio karibu zaidi kuliko kampuni. Nimewahi kueleza jambo hili kwa saa nzima kwa lugha ya vitabu vya sheria, na watu wakanitazama tu. Mzee mmoja wa Mikindani akanikatiza: "Kumbe unasema mto uwe kama wakfu, mwanangu, na sisi tuwe wasimamizi?" Tangu siku hiyo ndivyo ninavyoeleza. Mtu akiweka wakfu kisima, au minazi kumi kwa ajili ya msikiti, mali ile haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Aliyeiweka hana tena amri ya kuirudisha. Msimamizi hawezi kuifanya yake. Kazi yake ni kuitunza asili na kuyaelekeza matunda panapostahili, na akizembea huondolewa. Watu waliolelewa na mfano huo hawahitaji kufundishwa kwamba kitu kinaweza kuwa na haki bila kuwa na mwenyewe.

Mfano haulingani kila upande. Wakfu huwekwa kwa manufaa ya watu au ya ibada, ilhali mto unapewa haki kwa ajili ya mto. Kinacholingana ni cheo cha msimamizi, na juu ya hilo nitasema zaidi katika swali la 8.

4. Hili si jambo la kuletewa na wageni?

Waliolipeleka mbele zaidi si matajiri wa dunia. Ekuador na Bolivia zilichota kwa watu wa milima ya Andes, wanaoiita ardhi Pacha Mama. New Zealand ilisukumwa na Wamaori wa Mto Whanganui, ambao husema kwamba wao ni mto na mto ni wao.

Kwetu nako, iwe kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao au Wamakua, si ajabu kukuta kichaka kisichokatwa kwa sababu ya makaburi au matambiko. Sitaki kukitukuza kichaka hicho kupita kiasi, maana miiko hulinda eneo dogo, na hulilinda kwa hofu zaidi kuliko kwa haki. Hofu ikiisha, shoka huingia. Lakini kinaonyesha kwamba wazo la mahali penye heshima yake, pasipomilikiwa na aliye hai, halikushuka na ndege.

## Sheria

5. Ni nchi zipi zimeliweka katika sheria?

Ekuador ilitangulia kwa kuliandika katika Katiba yake ya 2008, ibara ya 71 hadi ya 74, ikimruhusu mtu yeyote kudai utekelezaji wake. Bolivia ilitunga sheria ya haki za Mama Dunia mwaka 2010. New Zealand iliutambua msitu wa Te Urewera mwaka 2014 na Mto Whanganui mwaka 2017 kuwa watu wa kisheria. Nchini Kolombia, Mahakama ya Katiba iliupa haki Mto Atrato mwaka 2016, baada ya uchimbaji wa dhahabu kuutia zebaki. Hispania ilitunga sheria kwa ajili ya Mar Menor, ziwa la maji ya chumvi lililo kando ya bahari, mwaka 2022, baada ya wananchi zaidi ya laki tano kutia saini.

Kwa msomaji wa Lindi na Mtwara, mfano wa kutazama kwa makini ni Uganda. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, kifungu cha 4, inasema kwamba mazingira asilia yana haki ya kuwapo, kuendelea na kuhuisha mizunguko yake, na inampa kila mtu nafasi ya kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa. Wamebakiza sharti zito: waziri ndiye anayetaja kwa kanuni maeneo ambayo haki hizo zitatumika. Hata hivyo, ni jirani yetu, mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mfumo wake wa sheria ni ndugu wa wetu.

6. Sheria ya Tanzania inasemaje?

Haijautambua mto wala msitu kuwa mwenye haki. Inachofanya ni kuuweka mlango nusu wazi.

Ibara ya 27 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili, na ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inatambua haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu mtu kumshtaki yule ambaye kitendo chake kinaweza kudhuru afya ya watu *au* mazingira, na hiyo "au" ni ya kushikwa kwa mikono miwili. Kifungu cha 57 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto.

Mahakama zetu pia zimewahi kwenda mbele. Mwaka 1988, wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki halmashauri ya jiji kwa kutupa taka karibu na makazi yao. Jiji lilipoomba muda zaidi wa kuendelea kutupa, Jaji Lugakingira alikataa na kulihusisha jambo hilo na haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14. Ilikuwa haki ya watu, si ya bonde la Tabata, lakini kesi ile ilionyesha kwamba jaji wa Tanzania anaweza kusoma mazingira ndani ya Katiba isiyoyataja kwa kirefu.

7. Kesi za namna hii zimewahi kubadilisha chochote?

Zimebadilisha, na pia zimeshindwa. Nchini Ekuador, mwaka 2011, mahakama ya mkoa wa Loja iliupa ushindi Mto Vilcabamba, uliokuwa umejazwa mawe na vifusi vya upanuzi wa barabara. Hukumu ilikuwa nzuri, utekelezaji ukasuasua. Mwishoni mwa 2021, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilizuia uchimbaji wa madini katika msitu wa Los Cedros, na hapo hukumu ilikuwa na nguvu ya kweli.

India ni funzo la upande wa pili. Machi 2017, Mahakama Kuu ya Uttarakhand iliitangaza mito ya Ganga na Yamuna kuwa na hadhi ya mtu kisheria, ikawateua maofisa wa serikali kuwa walezi wake. Kufikia Julai, Mahakama ya Juu ilikuwa imeisimamisha amri hiyo. Serikali ya jimbo yenyewe ndiyo iliyokwenda kulalamika, ikiuliza, pamoja na mengine, walezi hao watawajibika vipi mafuriko yakiua watu. Bolivia nayo ina sheria ya maneno mazuri, na huku uchimbaji wa gesi na madini umeendelea kama kawaida. Nikizipanga kesi hizi pamoja, naona kinachotofautisha si ufasaha wa ibara bali ni nani aliyepewa kazi ya kuisimamia.

8. Nani atausemea mto?

Hili ndilo swali lenyewe, na ningependa Bunge letu, siku likilifikia jambo hili, litumie muda mwingi hapa kuliko katika utangulizi wa muswada.

Njia ya Ekuador ni kumruhusu kila mtu. Faida yake ni kwamba hakuna anayeweza kuufunga mdomo wa mto kwa kumnunua msemaji mmoja. Hasara yake ni kwamba kila mtu akiwa msimamizi, hakuna msimamizi. Kesi hufunguliwa na mwenye muda na fedha, na hukumu ikitoka hakuna wa kuamka alfajiri kwenda kuona kama imetekelezwa. Njia ya New Zealand ni kuteua watu wawili kuwa uso wa mto, mmoja akipendekezwa na serikali na mwingine na watu wa mto wenyewe. Kolombia iliagiza walezi wa Mto Atrato watoke serikalini na katika jamii za kandokando yake. Uttarakhand iliwapa maofisa peke yao, na tumeona maofisa hao walivyoukataa mzigo.

Mimi nasimama na njia inayochanganya: mtu yeyote aweze kushtaki, lakini pawepo wasimamizi wenye majina, wanaoishi karibu, wanaoweza kuondolewa, na wanaotoa hesabu hadharani. Kwa ghuba kama ya Lindi au Mikindani, nisingeanza na wenye vyeti. Ningeanza na kina mama wanaookota tondo na kutega kaa koko maji yakipwa, kwa sababu wao wanajua ni sehemu ipi ya tope iliyokuwa na uhai mwaka jana na mwaka huu haina. Mtaalamu wa mazingira akae pembeni yao kuwasaidia kupima na kuandika. Msimamizi asiyeujua mto kwa miguu yake ataupoteza katika faili.

9. Kijiji chetu kinaweza kufanya nini bila kusubiri Bunge?

Mengi zaidi ya watu wanavyodhani. Sheria ndogo haiwezi kuugeuza mto kuwa mtu wa kisheria, kwa kuwa hiyo ni kazi ya Bunge. Lakini halmashauri ya kijiji inaweza kuandaa sheria ndogo, ikaipitisha katika mkutano mkuu wa kijiji na kuipeleka halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia chenyewe. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi viliufuata mkondo huo, na mwaka 2009 misitu yao ikapata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanajamii. Mpingo wanaovuna humo, mti uleule wanaochonga Wamakonde na unaotengenezewa zumari za Ulaya, unahesabiwa kabla ya kukatwa.

Sheria ndogo iliyoandikwa kwa moyo wa haki za mazingira itaanza kwa kulitaja eneo kwa jina lake la mahali, itaeleza eneo hilo linahitaji nini ili liendelee kuwa hai, na itawataja wasimamizi. Kisha itaweka hali ya eneo kuwa ajenda ya kudumu ya kila mkutano mkuu. Kila miezi mitatu, kabla ya mapato na matumizi, msimamizi asimame aseme: kisima cha bondeni kimeshuka kiasi gani, mikoko mingapi imekatwa, upande upi.

## Uchumi

10. Tukiipa bahari haki, gesi, chumvi na korosho vitakuwaje?

Haki za mazingira si marufuku ya kutumia. Katiba ileile ya Ekuador, katika ibara ya 74, inatambua haki ya watu kunufaika na mazingira kwa ajili ya maisha mema. Linalobadilika ni swali la kuanzia. Badala ya kuuliza tutoe kiasi gani, tunauliza kwanza nini lazima kibaki.

Mwamba wa pweza unaonyesha hili waziwazi. Pweza hukua haraka, na jike hutaga mara moja tu maishani, kisha hufa baada ya kuyalinda mayai yake. Ukimchoma kabla hajataga, umevuna kilo moja na kupoteza kizazi. Ndiyo maana wavuvi wa Songosongo, Kilwa, wamewahi kukubaliana kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa na kuufungua kwa pamoja. Mwamba ulipewa muda wake, na wavuvi wakavua pweza wakubwa. Chumvi inaweza kutolewa kwenye jangwa tupu lililo nyuma ya mikoko badala ya ndani yake. Salfa ya kupulizia ubwiriunga kwenye mikorosho inaweza kuzuiwa kwenye kingo za vyanzo vya maji bila mkulima kupoteza msimu.

Gesi ni ngumu zaidi. Iligunduliwa Songosongo mwaka 1974 na Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na kwa miaka mingi ilikuwa uti wa mgongo wa umeme wa nchi. Sitasema visima vifungwe. Nasema kwamba katika mashauri ya kila mradi mpya, bahari iwe na kiti chake na msemaji wake, na kwamba yapo maeneo ambayo jibu litakuwa hapana, hata malipo yakiwa makubwa.

11. Hesabu ya uchumi inakosea wapi?

Nenda maji yakipwa kwenye shamba la chumvi lililoachwa. Tuta la udongo lililowekwa kuzuia bahari bado limesimama. Ndani yake ardhi ni nyeupe, imepasuka vipande kama vigae, na ukibonyeza kidole hakizami. Hakuna kaa, hakuna tondo, hakuna ndege. Hatua tatu ng'ambo ya tuta, tope ni jeusi na laini. Mizizi ya mchu imechomoza kama penseli mamia kwa mamia, na kaa koko amejichimbia chini ya mkandaa. Mahali ambapo mawimbi ya bamvua yamelibomoa tuta na maji yameanza tena kuingia na kutoka, miche ya mchu imejiotea yenyewe bila mtu kupanda.

Sasa tazama lilivyohesabiwa eneo hilo. Mikoko ilipokatwa na kuuzwa kuni, uchumi ulikua. Magunia ya chumvi yalipouzwa, uchumi ulikua. Kamba na samaki wachanga walipokosa pa kukulia, hakuna daftari lililopungua, kwa kuwa hawakuwahi kuandikwa. Pato la Taifa hupima kinachouzwa. Halipimi kinachoendelea kuwapo. Umoja wa Mataifa umeweka mfumo wa hesabu za mazingira na uchumi tangu 2012, na mwaka 2021 ukaongeza hesabu za mifumo ikolojia yenyewe. Ni hatua njema, ingawa kuuthamini mkoko kwa shilingi si sawa na kuutambua kuwa na haki: mwenye shilingi nyingi zaidi bado anaweza kuununua. Haki huweka sakafu ambayo bei hairuhusiwi kuivunja.

12. "Mwanangu, huo mkoko ukishinda kesi, fidia atapewa nani?"

Aliniuliza bibi mmoja wa Mchinga, na swali lake lina kina kuliko mengi niliyoulizwa na wasomi. Ibara ya 72 ya Katiba ya Ekuador inajibu kwamba kurudishiwa hali kwa mazingira ni jambo moja, na fidia kwa watu walioathirika ni jambo jingine. Moja halilipi deni la lingine. Kwa mkoko wa Mchinga, fidia ni kulibomoa tuta, kurudisha mkondo wa maji, kulipia doria mpaka miche isimame. Mvuvi aliyepoteza kipato ana dai lake, na ana haki ya kulidai kando.

Fedha zenyewe zinahitaji mfuko wenye msimamizi, kama ilivyo kwa mazao ya wakfu. Mto Whanganui uliwekewa mfuko wa dola milioni 30 za New Zealand kwa ajili ya afya yake. Hakuna sababu ya kanuni kama hiyo kushindikana kwa shilingi, hata kwa kiasi kidogo, katika akaunti inayosomwa mkutanoni.

13. Hii ndiyo biashara ya kaboni?

Hapana. Biashara ya kaboni, ambayo Tanzania iliitungia kanuni mwaka 2022, huuza huduma moja ya msitu, yaani kufyonza na kutunza hewa ya ukaa, kwa mnunuzi aliye mbali. Inaweza kukiletea kijiji mapato halali, na sikatazi. Lakini msitu wenye haki unalindwa hata bei ya kaboni ikianguka.

## Elimu

14. Watoto wafundishwe nini?

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Jiografia na Mazingira kuanzia darasa la tatu, kwa hiyo nafasi ipo. Kinachopungua ni mahali penyewe. Mtoto wa Lindi humtambua simba na twiga, lakini hajawahi kusikia habari za komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia kama brashi ya kuoshea chupa, aliyepewa jina la uwanda ulio mkoani kwake, na aliyewahi kuorodheshwa miongoni mwa jamii 25 za nyani na komba zilizo hatarini zaidi duniani.

Zoezi ninalolipenda ni la baraza. Darasa linagawanywa: mmoja ni mwenye shamba la chumvi, mmoja ni mvuvi, mmoja ni msemaji wa mkoko. Wawili wa kwanza wanaruhusiwa kusema siku hiyohiyo. Wa tatu haruhusiwi mpaka aende mkokoni maji yakipwa, ahesabu miti katika hatua kumi kwa kumi, arudi na daftari. Watoto hugundua wenyewe kwamba anayemsemea asiye na sauti anatakiwa kujua zaidi kuliko anayejisemea.

15. Jando, unyago na madrasa vina nafasi?

Vina nafasi, ila kwa ruhusa ya wenyewe. Mambo ya ndani ya unyago si yangu kuyaanika. Ninachojua ni kwamba ngariba na kungwi husikilizwa kwa namna ambayo ofisa hasikilizwi, na kwamba elimu yao huenda pamoja na wajibu: ukishafundishwa, unadaiwa. Kungwi akikubali kuweka neno moja la chanzo cha maji, limekaa. Madrasa nazo hazina haja ya kukopa, kwani tayari zinafundisha kutofuja maji ya udhu hata kando ya mto unaotiririka. Makanisa ya Masasi na Ndanda yana mafundisho yao kuhusu uumbaji.

## Maswali magumu

16. Tembo akila shamba langu, haki ni ya nani?

Huulizwa Liwale, Nachingwea na Nanyumbu, na huulizwa kwa uchungu, na ndivyo inavyostahili. Mara nyingi haki za mazingira huhusu jamii ya viumbe na mfumo wao, si kila mnyama mmojammoja, ingawa Mahakama ya Katiba ya Ekuador iligusa hata mnyama mmoja katika kesi ya nyani Estrellita mwaka 2022. Haki ya tembo kuwapo haiondoi haki ya mkulima kula. Inachodai ni kwamba mapito yake yajulikane na yasigawiwe mashamba, na kwamba gharama ya kumwacha aishi isibebwe na jirani yake peke yake. Kifuta jasho kinachochelewa ni dhuluma kwa mkulima, na mwisho wake ni dhuluma kwa tembo, kwa sababu aliyekata tamaa huchukua sumu.

17. Mto ukifurika na kuua, utashtakiwa?

Hapana, mto hauna nia wala uzembe. Msimamizi anaweza kuulizwa kama alinyamaza watu wakijenga ndani ya njia ya maji, na sheria inapaswa kuandika mpaka wa wajibu wake tangu mwanzo ili yaliyotokea Uttarakhand yasijirudie (tazama swali la 7). Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, maji yalipita yalipotaka kupita. Kumpa mto haki ya mkondo wake ni pamoja na kutomjengea mtu kaburi ndani yake.

18. Ruvuma ni wa nchi mbili. Je, itawezekana?

Sheria ya Tanzania itaishia mpakani. Panahitajika makubaliano na Msumbiji, na yapo ya kuanzia: nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), yenye itifaki ya mito ya pamoja ya 2000. Mikoko ya maingilio ya Ruvuma haijui ukingo upi ni wa nani.

19. Isije ikawa njia mpya ya kutuhamisha.

Hofu hii ina msingi, na anayeipuuza hafai kuwa msimamizi. Wapo watu waliotolewa katika ardhi yao kwa jina la uhifadhi. Ndiyo maana nasisitiza wasimamizi watoke mahali penyewe (swali la 8), na sheria iseme waziwazi kwamba haki za eneo haziwezi kutumiwa kumwondoa mkazi wa siku zote bila ridhaa yake. Muswada usio na kifungu hicho ningeupinga mimi mwenyewe, hata ukiwa na maneno mazuri kiasi gani juu ya mito.

20. Leo hii nimeona mikoko inakatwa. Nifanye nini?

Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu ya serikali, kwa hiyo kukata bila kibali ni kosa tayari. Andika tarehe, saa, hali ya maji, jina la mahali, aina ya miti na idadi ya visiki; piga picha ikiwezekana, usigombane na mkataji. Peleka maandishi kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa kamati ya maliasili na kwa ofisa mazingira wa halmashauri, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Baki na yako. Rudi mahali pale bamvua ijayo, uhesabu visiki tena.